Waya wa Sauti ya Mbaluka

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Imezima tena! Mbaluka alikuwa katikati ya neno. Mashine ikasema, "Nataka ma—" halafu kioo kikawa cheusi. Nikabaki nimesimama na sufuria mkononi. Maji? Maziwa? Maharagwe? Akanyoosha kidole dirishani. Kumbe machungwa!

Shida ni chaja. Iko kwa ukuta, swichi imewashwa, waya umeingia kwa laptop, na moto wa stima hauingii. Ukisukuma kidogo kwenda juu, taa inawaka. Ukiachilia, inazima. Nimeweka kiberiti chini yake. Imekaa kidogo, ikazima. Nimeweka kitambaa kilichokunjwa. Imekataa kabisa. Sielewi. Nilifundisha nasari mpaka nikastaafu, kila siku watoto wanaingiza duara kwa shimo la duara, pembe tatu kwa shimo la pembe tatu. Likiingia, limeingia. Hii inaingia na bado haijaingia!

Na bila hii laptop mume wangu hana sauti. Mwaka jana walimpasua koo kule Nairobi wakatoa kisanduku cha sauti chote. Sasa anapumulia kitundu cha shingoni. Yeye! MC Mbaluka, aliyenadi kuku na mikungu ya ndizi kwa harambee za kanisa, Kilungu mpaka Matiliku, bila maikrofoni. Wayua binti yetu ndiye alileta laptop, ya mtumba, akaweka programu: baba anaandika, mashine inasema. Mwanzo ilikuwa sauti ya mwanamke. Mbaluka alisusa chakula mpaka ikabadilishwa. Siku hizi ni mwanaume anayeongea kama msoma habari. Kikamba hajui kabisa. Mbaluka akiandika "ni muvea" kunishukuru, inatoka kama jina la dawa ya kupulizia nyanya.

Simu hataki. Vidole vyake ni vinene, anabonyeza herufi nne pamoja.

Wageni wa Wayua wanakuja tarehe 23 na mbuzi wa ntheo, wa kufunga ndoa kwa desturi ya Kikamba. Baada ya hapo atakuwa bibi ya mtu. Lazima hii kitu iwe imepona.

Jumatano, 6 Agosti

Nilishuka Mukuyuni kwa Kilonzo, fundi wa simu. Laptop nilibeba kwa kikapu chini ya sukuma wiki. Hata hakuitazama vizuri. Akasema waya ndio umechoka, mathe, akatoa mwingine mpya.

"Hii ni Taipu C. Zote ni sawa. Hata ukigeuza juu chini, inaingia."

Nikajaribu pale pale, stima ilikuwa imepotea sokoni lakini mdomo uliingia vizuri. Juu chini, chini juu. Nikapanda kilima nikiimba.

Nyumbani — hakuna! Waya umekaa, umeshika, hautingishiki. Taa haiwaki. Nikauweka kwa simu yangu: inachaji. Nikaurudisha kwa laptop: kimya. Mdomo ni ule ule. Tundu ni la umbo lile lile. Sasa ni nini kinakubali kupita kwa simu na kinakataa kupita kwa kompyuta? Mbaluka alikuwa ananitazama. Nikamwambia kwa ukali asiniulize. Halafu nikakumbuka hawezi kuuliza. Nikaenda jikoni.

Jioni alikuja Kitonga, mdogo wake Mbaluka, pamoja na Mzee Kitheka atakayekuwa msemaji wetu siku ya wageni. Mashine imezima, kwa hivyo Mbaluka aliandika kwa karatasi na Kitonga akamsomea mzee, ambaye macho yake yamefifia. Mimi nilikuwa nyuma na chai, nikaona karatasi. Mbaluka ameandika, "Mbona siku ilipangwa bila kuniuliza?" Kitonga akasoma, "Ndugu yangu anasema siku iliyopangwa ni nzuri."

Mbaluka akaweka kalamu chini. Hakuishika tena.

Si mara ya kwanza. Siku ya shukrani kanisani, alipotoka hospitali, aliandika kwamba amechoka kuombewa kama maiti. Kitonga alisoma mbele ya watu wote kwamba maombi yao yamemtia nguvu. Watu wakapiga makofi. Kitonga si mtu mbaya. Anapenda kila mtu aende nyumbani akiwa amefurahi. Lakini ndiyo maana Wayua alitafuta mashine. Mashine inasema kile kimeandikwa, basi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilirudi kwa Kilonzo. Ati ule waya ni wa simu! Nikamwambia, wewe ulisema zote ni sawa. Akasema ni sawa kwa mdomo, si sawa kwa ndani. Ndani nitaona aje? Akacheka. Akakubali hata yeye zinamchanganya, kuna za chaji tu, kuna za kubeba picha, kuna zinazobeba moto mwingi na zinazobeba kidogo, na hakuna mtu ameandika chochote juu yake. Akanipa mwingine mnene. "Huu ni orijino."

Mnene umewasha taa! Lakini kioo kimeleta maneno ya Kiingereza, kwamba chaji inaingia polepole. Polepole gani hii — Mbaluka anaandika sentensi moja na betri inashuka badala ya kupanda. Betri yenyewe imezeeka, hata ikishiba inakaa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Na huu mnene upande wa pili si Taipu C. Ni ule mdomo wa zamani, bapa, wa kuingia kwa kichwa cha chaja. Nimeuingiza, umekataa. Nimeugeuza, umekataa. Nimeugeuza tena kama mwanzo — umeingia! Vile vile ulivyokataa! Nimekaa chini kabisa sakafuni. Aliyetengeneza hii kitu alikuwa na mama? Alimwona mama yake akiitumia?

Jumapili, 10 Agosti

Mbaluka hakwenda kanisani. Alitikisa kichwa tu. Bila mashine watu wanamwongelesha kwa sauti ya juu kana kwamba masikio ndiyo yalikatwa.

Niliporudi nikaamua kutayarisha spika, ile ndogo nyeusi, ili siku ya wageni hata watu wa mwisho wa hema wasikie. Tundu lake la chaji ni tofauti tena! Si Taipu C. Ni kadogo, kamebanwa upande mmoja, kanakubali njia moja tu, na hiyo njia huwezi kuona bila tochi. Niliinamisha, nikasukuma. Nikasukuma zaidi. Kitu kikalia ndani — tak! Kaulimi kake kamevunjika, kametoka na waya.

Nikaanza kulia. Juu ya spika! Mbaluka akanitazama, akatazama kale kaulimi kwa kiganja changu, mabega yakaanza kutingishika. Nikadhani amepaliwa. Kumbe anacheka. Cheko lake sasa ni upepo tu unaotoka shingoni, pff, pff. Alionyesha koo lake, akaonyesha spika. Nimeelewa. Mmekuwa wawili.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Hatujacheka hivyo tangu Nairobi.

Jumanne, 12 Agosti

Wayua alipiga simu kutoka Wote, saa ya mapumziko kazini. Aliuliza mambo ya hema, mambo ya sufuria. Halafu, "Mwaitu mama, Baba amesema nini?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu Muchiri."

Nikamwambia nitamuuliza. Niandike hapa vile ilivyo, labda nikiandika nitaelewa.

Mwaka jana Muchiri alikuja hapa mara ya kwanza. Wazazi wake, Waithaka na Waringa, walitoka Nyeri zamani, wana duka la vifaa vya ujenzi Sultan Hamud. Kijana mpole, alikula kila kitu. Alipoondoka Wayua alimuuliza baba yake. Mbaluka tayari koo lilikuwa linamkwaruza, tulidhani ni homa. Alisema, "Hapana. Si huyo." Wayua akauliza kwa nini. Akasema tena, "Hapana." Wayua akabeba mkoba akaenda. Aliporudi, baba alikuwa tayari ameshonwa shingo.

Kwa hivyo neno la mwisho Wayua alisikia kutoka kwa sauti ya baba yake ni hilo.

Lakini Muchiri ndiye alimpeleka hospitali! Alimwendesha na gari la duka, kila alipoitwa na daktari. Alilala kwa kiti. Alifua vitambaa vya lile bomba la shingoni. Kila mtu akasema, sasa mzee amelainika. Kitonga akasema. Mimi nikasema. Siku ikapangwa. Na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mwenyewe. Ni leo naona. Tulichukulia kunyamaza kwake kuwa ni ndiyo — na yeye hana namna nyingine ila kunyamaza!

Nikamuuliza jioni. Nilishika waya wa zamani kwa mkono, nikausukuma juu ili aweze kuandika. Aliandika kwa muda mrefu, sauti imezimwa, kioo amekigeuza upande wake. Akafuta. Akaandika tena. Akawasha sauti.

Mashine ikasema, "Nitasema siku hiyo."

"Utasema nini?"

"Nitasema siku hiyo." Alibonyeza tu pale pale tena. Yule mwanaume wa mashine hana hasira wala furaha. Huwezi kujua kitu kwake.

Alhamisi, 14 Agosti

Matiliku. Kuna mwanamke anaitwa Beth ana duka la kompyuta na kupiga chapa, nilielekezwa na mwalimu mwenzangu. Ana katoni imejaa nyaya zilizofungana kama matumbo. Alijaribu mmoja baada ya mwingine kwa laptop, akitupa nyingine sakafuni, akinung'unika. Mteja mmoja alikuwa anangoja cheti, akasema heri zamani chaja za simu, kila kampuni ilikuwa na pini yake na ulijua yako. Beth akasema zamani tulilia zote zifanane. Sasa zimefanana, tunalia tena.

Akapata mmoja unaofaa. Chaji ya haraka! Lakini ukiuachilia — unazima. Akachukua tochi, akaniambia nichungulie.

"Unaona hako kakibao katikati? Kanacheza. Shida haikuwa waya, mama. Ni tundu la laptop lenyewe limelegea."

"Na nyaya zote nimenunua?"

"Hizo utachajia simu."

Kulibadilisha, lazima mashine iende Nairobi. Haiwezi kurudi kabla ya wageni. Nikamuuliza kwa nini watu waweke kitu chembamba kama ukucha mahali pa kuchomeka na kuchomoa kila siku. Alisema hajui. Alisema yeye mwenyewe ana laptop mbili zimekufa hivyo. Akanionyesha namna ya kuegemeza: waya usitoke moja kwa moja, upite juu ya kitu, uvutwe kidogo kushoto. Nimenunua huo waya wake. Unafanya kazi ikiwa hakuna mtu anapumua.

Jumamosi, 16 Agosti

Imekaa siku nzima! Waya umepita juu ya kopo la Vaseline, umefungwa na raba.

Asubuhi mashine iliniambia, "Chai ni baridi." Nilifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Nikamletea nyingine.

Muchiri alikuja na vyuma vya hema. Aliona kiti cha Mbaluka kinayumba mguu, akakigeuza akakipigilia msumari bila kuambiwa. Mbaluka alikuwa amesimama anamtazama tu. Uso wake — sijui. Niliishi na huo uso maisha yangu yote na leo sikuweza kuusoma. Kumbe nilikuwa nasoma sauti.

Aliandika kitu. Mashine ikasema, "Asante kwa kuja." Muchiri akasimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayengoja mwalimu aendelee. Hakukuwa na kuendelea.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Akaniuliza chini chini, "Mama, mzee ananikubali?"

Nikamwambia ukweli. Sijui.

Akasema siku moja hospitalini Mbaluka alimwandikia kwa ubao wa daktari: Wewe unafanya haya kwa ajili yangu au kwa ajili yake? Muchiri hakujua jibu gani ni zuri. Akasema, kwa wote wawili. Mbaluka akafuta ubao, akalala.

"Nilikosea?" akauliza.

Hata hiyo sijui.

Jumatano, 20 Agosti

Mbaluka anaandika kila asubuhi baada ya uji. Sauti imezimwa. Kidole kimoja, tk, tk, tk. Nikipita karibu anafunika kioo kwa mkono, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kitonga alikuja mimi nikiwa kwa mbuzi. Alisema tuongee kama watu wazima. Alisema hiyo mashine inaongea kama redio, wageni watacheka, na ikizima katikati je? Bora ndugu yake aandike kwa karatasi na yeye asome, taratibu, kwa heshima.

"Na akiandika hapana?" nikauliza.

Kitonga alinitazama kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka ndani ya nyumba.

"Hawezi kuandika hapana. Wageni washaalikwa."

"Alisema hapana mwaka jana."

"Huo ulikuwa ugonjwa." Akaokota kijiti, akakivunja. "Mama Wayua, mimi nitasoma vizuri. Unanijua."

Ninamjua. Hilo ndilo lilinitisha, kwamba nilihisi nafuu. Kwa kitambo kidogo, nikiwa pale kati ya mbuzi, nilifikiri: heri waya ukatike tu. Kitonga asome. Wayua aolewe. Tule, tuimbe, wageni waende.

Mimi! Ambaye nimezunguka Mukuyuni na Matiliku nikitafuta waya kama mtu anayetafuta dawa! Natafuta nini sasa? Ninataka aongee au ninataka anyamaze?

Ijumaa, 22 Agosti

Kazi tangu alfajiri. Isyo ya mahindi na maharagwe kwa sufuria kubwa, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, kuku. Kasyoka, dada yangu, amekuja kusaidia, anaongea bila kupumzika. Ukungu haukutoka mlimani mpaka adhuhuri, hema limelowa.

Kasyoka akifagia sebule alipitisha ufagio chini ya meza, ukanasa waya. Kopo likaanguka, laptop ikavutwa mpaka ukingoni. Nikaidaka. Haikuvunjika. Lakini sasa hata kopo halitoshi. Inashika tu nikiishikilia mwenyewe, kidole gumba chini, kidole cha shahada juu, nikiinua na kuvuta. Vidole vinakufa ganzi.

Sijamwambia Mbaluka. Amelala mapema, suti yake imetundikwa mlangoni, ile ya harambee.

Nimemwambia Wayua kila kitu kiko sawa. Amenikumbatia.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika haraka. Niko chumbani, kitandani. Laptop iko mapajani, mkono wa kushoto umeshika waya, wa kulia ndio una kalamu. Wageni wako nje. Nisipoandika nitapiga kelele.

Walifika vizuri. Waithaka amevaa kofia, amesalimia kila mtu kwa Kikamba cha kuchekesha, watu wakampenda hapo hapo. Waringa ameniletea kikapu cha kiondo, akanishika mikono yote miwili. Mbuzi walipita, wazee wakawakagua, wakaridhika. Wayua amevaa kijani. Muchiri hajala kitu.

Kisha Mzee Kitheka akasimama. Akasema mbuzi ni sawa, maneno ya wazee ni sawa, lakini kabla ya kisu cha kuchinja kushikwa, mwenye boma aseme kwa kinywa chake. Hapo akajikwaa. Akasema, kwa namna yake.

Meza ilikuwa mbele ya Mbaluka, spika ya kanisa imeunganishwa — hiyo pini ya mviringo angalau ina adabu, inaingia tu. Mbaluka akabonyeza.

"Wageni wetu, karibuni Kilungu. Mimi Mbaluka, baba ya Wayua, nilisema neno mwaka jana. Leo nataka ku—"

Kikafa! Kioo cheusi, betri haikuwa na akiba. Nilikuwa nyuma ya kiti chake nimeshika waya, na sijui kama nilitingishika. Sijui! Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Naapa sijui.

Kurudia? Kuthibitisha? Kuomba msamaha? Kufuta? Watu wote walibaki na hilo *ku* hewani. Wayua alinitazama mimi, si baba yake.

Kitonga alikuwa tayari amesimama na karatasi na kalamu, anatabasamu kwa wageni. Mbaluka akaisukuma karatasi. Si kwa nguvu. Kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayekataa chakula. Akainua laptop, akanipa mimi, akaonyesha nyumba. Waithaka akacheka, akasema hata dukani kwake mashine ya risiti ina roho mbaya, tungoje. Soda zikagawiwa.

Ndiyo niko hapa. Imewaka. Maneno yake yako ndani, hayajapotea. Naweza kuyafungua kwa kidole kimoja. Nimefunika kioo na leso. Naacha tu kipembe kimoja, pale penye alama ya betri.

Wayua amekuja dirishani. "Mwaitu, chaji imefika?"

"Bado."

Imefika. Alama ni ya kijani, imejaa. Inatosha hotuba nzima bila waya. Nimemdanganya mtoto wangu na sauti haikutetemeka hata kidogo.

Nikitoka na kusema mashine imekufa kabisa, Kitonga atasoma. Na Kitonga hajui kusoma hapana. Itatoka ndiyo, itatoka tamu, na kisu kitashikwa, na Wayua ataondoka hapa akicheka. Na Mbaluka atakaa kwa kiti chake mbele ya watu, mdomo umefungwa, amesikia mtu mwingine akisema maneno yake. Mpaka afe. Na atajua ni mimi.

Nikitoka nayo, na aseme hapana kwa hiyo sauti ya msoma habari — Wayua atalisikia mara ya pili, mbele ya watu wote.

Na kama ni ndiyo? Kama hilo *ku* ni la kuomba msamaha na mimi ndiye nimelikalia hapa kama kuku?

Mlango.

Ni Mbaluka. Ameingia, amefunga. Ametoa leso. Ameona betri. Amenitazama. Sikuweza kutazama chini, sikuweza kutazama juu.

Nilidhani atachukua laptop aende. Ameketi kando yangu, kitanda kikabonyea, tukagusana mabega. Ameipakata, mimi bado nimeshika waya, sijui kwa nini. Amefungua ukurasa mweupe. Amezima sauti. Tk, tk, tk.

Unaogopa?

Nikasema ndiyo.

Umesoma?

Nikasema sijasoma. Nikasema, niambie wewe. Mimi kwanza, kabla ya wageni.

Amekaa na kidole juu ya herufi. Nje wanawake wa kanisa wameanza wimbo ili muda upite. Kitonga anaita, "Mama Wayua, tuendelee?"

Sasa anaandika. Nami naandika. Ameandika "Mimi" akafuta. Ameandika jina la Wayua, akaliacha. Kidole kinashuka tena—